Mkonge si mmea wa jangwani

Pita barabara ya Segera kwenda Tanga, au ile ya Voi kuelekea Taveta, wakati kiangazi kimekolea. Nyasi zimekuwa za rangi ya udongo, mahindi yamejikunja, na mkonge umesimama wima kama hakuna kilichotokea. Hapo ndipo inapotoka ile kauli ya vijiweni: mkonge ni mmea wa jangwani, ukishapandwa umepandwa, hauhitaji kitu. Kauli hiyo imekula mitaji ya watu. Mkonge hula na kunywa kama mazao mengine, ila hula usiku, huweka akiba, na hungoja. Anayeujua vizuri mwili wake na mahali ulikotoka hatauliza kwa nini shamba la jirani lilidumaa mwaka wa tatu.

Tuanze na jina, maana nalo lina kisa. Neno mkonge lilikuwepo pwani kabla ya mmea huu kufika. Lilitumika kwa sansevieria, ule mmea wa vichakani wenye majani manene ya madoadoa ya kijani na nyeupe, ambao watu wa hapa walikuwa wakisokotea kamba tangu zamani. Katani nalo limetoka kwenye Kiarabu, lilikuwa jina la kitani. Mgeni alipoingia mwishoni mwa karne ya 19 akiwa na nyuzi ndefu kuliko za mwenyeji, alipewa majina yote mawili, na mwenyeji akabaki kuitwa mkonge pori.

Kitaalamu mgeni huyu ni Agave sisalana. Jenasi ya Agave, jina alilolitoa Linnaeus mwaka 1753 kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kitu cha fahari, ina spishi zinazokaribia 200, na zote asili yake ni mabara ya Amerika, nyingi zaidi zikiwa Meksiko. Kwa hiyo kila agave unayoiona Afrika ililetwa na mtu, hata kama leo imeota yenyewe mlimani. Watu wengi huichanganya na shubiri kwa sababu zote mbili majani yake ni manene, yana ncha na yamejipanga duara. Kata jani moja utaona tofauti papo hapo: jani la shubiri hukatika kama tango na kutoa ute, jani la agave hukatika huku nyuzi zikikuvuta mkono. Shubiri ni Mwafrika, nayo huchanua mwaka hadi mwaka. Agave huchanua mara moja tu, kisha hufa.

Sisal ni bandari ndogo ya Yucatán, Meksiko, na huko ndiko magunia ya nyuzi yalikopakiwa melini. Kichekesho ni kwamba nyuzi zilizokuwa zikitoka bandari ile zilikuwa hasa za binamu yake, Agave fourcroydes, ambaye Wameksiko humwita henequen. Mkonge wetu umebeba jina la bandari iliyojengwa na jasho la mmea mwingine. Aliyeuandika mkonge wetu rasmi kisayansi ni Henry Perrine, daktari aliyekuwa konsuli wa Marekani kule Campeche, mwaka 1838. Ndiye pia aliyeupeleka Florida. Mwenyewe aliuawa huko mwaka 1840 katika vita vya Waseminole, lakini mimea yake ilibaki ikizaana kwenye visiwa vya kusini mwa Florida. Kumbukeni Florida, tutairudia.

Kwao hasa ni wapi

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi: hakuna mahali panapojulikana kwa hakika kwamba mkonge huu unaota porini kwa asili yake. Howard Scott Gentry, aliyetumia miongo kadhaa kuzifuatilia agave za Meksiko kwa miguu, alielekeza kidole jimbo la Chiapas, kusini kabisa, alikoukuta kwenye uzio wa mashamba na nyuma ya nyumba za watu. Dalili zote ni za chotara la kale, lililookotwa na wakulima na kuenezwa kwa mikono yao.

Kromosomu zake nazo zinasema hivyohivyo. Agave za kawaida zina seti mbili za kromosomu 30. Mkonge una seti tano, jumla yake ikikaribia 150. Seti tano hazigawanyiki sawa kwa mbili, kwa hiyo chavua na mayai yake kwa sehemu kubwa hayafai, na mbegu za kweli ni nadra mno. Hivyo shamba zima la mkonge ni nakala ya mmea mmoja. Ugonjwa unaouweza mmoja unaiweza yote, na uvumilivu wa mmoja ni uvumilivu wa yote.

Tazameni sasa nchi yenyewe. Chiapas ya kati ni bonde la mto Grijalva, limezungukwa na kuta za mawe ya chokaa. Mvua hunyesha kuanzia Mei hadi Oktoba, kisha hukatika kwa karibu miezi sita na miti mingi hupukutisha majani. Mji wa Tuxtla Gutiérrez hupata milimita mia tisa na ushee kwa mwaka, kiasi ambacho mkulima wa Dodoma angekipigia vigelegele. Hilo si jangwa. Ni nchi ya mvua ya kutosha inayokuja kwa msimu na kutoweka haraka, kwa sababu ardhi ni miamba yenye nyufa. Agave za porini za ukanda huo hukaa kwenye ngema na miteremko, udongo ukiwa na kina cha shibiri moja tu ndani ya ufa. Maji hupita, hayatuami. Jua ni kali, kivuli hakipo. Na chokaa iko kila mahali.

Mvua ya msimu, udongo usiotuamisha maji, jua tupu na chokaa: mambo hayo manne yanatosha kueleza karibu kila tabia ya mmea huu, na karibu kila kosa linalofanywa shambani.

Jani, ghala la maji

Jani la mkonge uliokomaa lina urefu wa mita 1.2 hadi 1.5 na upana wa sentimita 10 hadi 12 mahali palipopanuka zaidi. Nchani kuna mwiba wa kahawia iliyoiva, sentimita mbili au mbili na nusu, wenye kuweza kutoboa jicho. Ndiyo maana mkataji mzoefu huufyeka kwanza kabla ya kugusa jani. Kingo ni laini. Mche mchanga huwa na vijino vidogo pembeni, na hivyo hutoweka kadiri majani mapya yanavyotoka. Mara mojamoja hutokea mmea unaobaki na miba pembeni hadi ukubwani. Ukiuona kitaluni ung'oe, kwa sababu vizazi vyake navyo vitawachana mikono wakataji.

Majani yote huzaliwa katikati, ndani ya mkuki mmoja uliobana, na hufunguka moja baada ya jingine. Hayafunguki ovyo. Ukihesabu kuanzia jani lolote, jani la kumi na nne litakuja kukaa juu ya lile la kwanza baada ya kuzunguka shina mara tano. Kwa hiyo kuna safu 13 zinazopanda kwa mzunguko, na kwenye kigogo kilichokatwa unaweza kuzifuata kwa kidole kwenye makovu. Mpangilio huo huliwezesha kila jani kupata jua bila kufunikwa sana na lililo juu yake. Maisha yake yote, mkonge wa kawaida hutoa majani 200 hadi 250.

Ndani ya jani, karibu sehemu tisa kati ya kumi ni maji. Nyuzi, yaani singa, ni kama asilimia nne tu ya uzito wa jani bichi. Lori la tani kumi za majani likifika korona, mashine ya kusaga na kuchambua, litatoa takriban kilo 400 za singa kavu. Kilichobaki ni maji na makapi. Jani moja lina mafungu ya nyuzi yanayofikia elfu moja, na mengi yamejipanga kwa safu karibu na ngozi ya jani, yakitoka chini hadi nchani. Hizo ndizo singa imara. Nyingine zimefuatana na mishipa ya maji na chakula katikati ya jani, nazo ni bapa na hupasuka kwa urahisi. Kwa mmea zote ni mifupa: bila hizo, jani la urefu wa mita moja na nusu lililojaa maji lingelala chini.

Ngozi ya jani ina nta nene, na vitundu vyake vya kupumulia, stomata, vimezama ndani. Mahindi hufungua stomata mchana ili kuvuta hewa ya ukaa, na kila yanapofungua hupoteza maji. Mkonge hufunga mchana na kufungua usiku, kukiwa na baridi na unyevu hewani. Hewa ya ukaa inayoingia usiku huhifadhiwa kwa umbo la asidi ya maliki ndani ya seli. Jua likichomoza, milango hufungwa, asidi hiyo huvunjwa, na usanisinuru unaendelea ndani kwa ndani. Ndiyo maana utomvu wa jani lililokatwa alfajiri una asidi nyingi kuliko wa jani lililokatwa jioni.

Mbinu hii inaokoa maji, lakini ina gharama zake. Akiba ya usiku mmoja ina kikomo, kwa hiyo mkonge haukimbii kukua kama muhogo. Pia unahitaji jua kamili ili kuimaliza akiba hiyo mchana. Mkonge uliopandwa chini ya miembe au minazi iliyosongamana hutoa majani machache na membamba. Kadhalika mkonge mchanga uliofunikwa na nyasi. Kwa miaka miwili ya mwanzo palizi haina mbadala, kwa sababu mmea bado uko chini na nyasi zinaweza kuupita kimo.

Utomvu wenyewe si wa mzaha. Una fuwele za oksaleti ya kalsiamu zenye umbo la sindano, pamoja na saponini zinazotoa povu. Mchanganyiko huo huwasha ngozi, na wafanyakazi wa korona wasio na glavu wanaujua. Katika saponini hizo hupatikana hekojenini, malighafi iliyotumiwa viwandani kutengenezea dawa za jamii ya kotikosteroidi. Kuhusu kalsiamu, ishikeni akilini: mmea unaoweza kuitupa kalsiamu ndani ya majani kwa wingi kiasi hicho ni mmea uliozoea kuikuta kwa wingi ardhini.

Mizizi mifupi, mikono mirefu

Wengi hudhani mmea unaostahimili ukame lazima uwe na mzizi unaochimba mpaka kwenye maji. Mkonge hauna mzizi mkuu. Mizizi yake hutoka kwenye makovu ya majani chini ya shina, myembamba kama kalamu au pungufu, hutambaa kwa mlalo hadi mita tatu, na mingi hukaa ndani ya sentimita 30 hadi 40 za juu. Ni mizizi ya mmea uliozoea kuwahi mvua kabla haijapotelea ufani.

Park Nobel, aliyechunguza agave ya jangwani ya California kwa miaka mingi, alionyesha ujanja mwingine wa ukoo huu. Udongo ukikauka, mizizi husinyaa na kujitenga nao, ikaacha pengo la hewa linalozuia maji ya mmea yasirudi kwenye udongo mkavu. Mvua ikinyesha, vijizizi vipya vyeupe huchipua haraka na kunywa.

Faida na hasara za mizizi ya namna hii zinaonekana shambani. Trekta linalolima kwa kina karibu na mstari hukata mikono yote ya mmea. Maji yanayosimama huunyima mzizi hewa, na mkonge hufa kwa maji mapema kuliko kwa kiu. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaofura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua si mahali pake, hata kama ni wa bei rahisi. Tafuteni mteremko kidogo, udongo mwekundu au wa kichanga unaopitisha maji, au ule wa juu ya matumbawe ya zamani kama ulivyo sehemu nyingi za pwani. Mvua ya milimita 1,000 hadi 1,250 inautosha vizuri. Huvumilia hata 600, ila majani huchelewa. Baridi kali hauiwezi.

Chini ya ardhi kuna kitu kingine kinachofanana na mzizi lakini si mzizi. Ni shina tambazi, nene kama kidole gumba, linalotoka kwenye macho ya kigogo, likasafiri sentimita chache chini ya uso wa ardhi, kisha likainuka mbali kidogo na kutoa mche mpya. Haya ndiyo maotea. Mmea mmoja unaweza kutoa takriban 20 katika maisha yake. Yakiachwa, baada ya miaka michache mistari haionekani, kila kitu kinashindania udongo uleule, na majani ya mama yanafupika.

Mlingoti

Kwa miaka saba hadi kumi katika joto la Tanga, na zaidi katika nyanda za baridi za Kenya, mkonge hufanya kazi moja: kutoa majani na kujaza sukari kwenye kigogo. Kisha majani mapya huanza kuwa mafupi. Mkuki wa katikati hunenepa, na badala ya jani hutoka mlingoti. Hupanda mita sita na zaidi, ukatoa matawi 25 hadi 40 kwenye nusu ya juu.

Maua ni ya kijani na manjano, yameelekea juu, na harufu yake si ya kuvutia binadamu. Hayakukusudiwa binadamu. Katika Meksiko agave nyingi huchavushwa na popo wanaonyonya mbochi, na ua la kufungukia usiku, lenye mbochi tele na harufu nzito, ni mwito wao. Stameni, sehemu za kiume, hutangulia kutoka na kumwaga chavua. Sehemu ya kike hukomaa baadaye, ili ua lisijichavushe. Ni utaratibu mzuri sana kwa mmea ambao, kwa zile kromosomu zake tano tano, hauwezi kunufaika nao. Maua huanguka karibu yote bila kuacha tunda.

Baada ya hapo, pale penye kikonyo cha ua lililoanguka, jicho dogo huamka na kuwa mkonge mdogo, uning'iniao angani ukiwa na majani sita hadi nane na dalili za mizizi tayari. Wakulima huviita vikonyo. Mlingoti mmoja hutoa elfu moja hadi elfu mbili, wakati mwingine zaidi. Vikifika sentimita 6 hadi 10 huachia na kumwagika chini kama mvua ya mawe. Kila kimoja kina maji yake, hakihitaji udongo mara moja, kinaweza kulala juu ya ardhi kavu kwa wiki kadhaa kikingoja mvua. Afrika Kusini imeuorodhesha mkonge miongoni mwa mimea vamizi, na vikonyo ni sehemu kubwa ya sababu.

Kukata mlingoti hakurudishi majani. Ncha ya ukuaji imekwisha kugeuka ua, hakuna nyingine. Ukiukata bado mchanga utavuna majani yaliyobaki, basi. Wameksiko wanajua vizuri zaidi kilichomo kigogoni wakati huo. Kwa agave kubwa iitwayo Agave salmiana, hawangoji mlingoti utoke. Hutoboa moyo wa mmea kabla, huukwangua kila siku, na maji matamu ambayo yangejenga mlingoti hujikusanya kwenye shimo. Mmea mmoja hutoa lita kadhaa kwa siku kwa miezi kadhaa, na yakichachuka huwa pombe yao ya pulque. Akiba ya miaka kumi hunywewa kwa msimu mmoja.

Vikonyo 62

Mwaka 1892 Dkt. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alisoma kuhusu mkonge na kuona hali ya hewa ya pwani yetu inafanana na ile unayoitaka. Yucatán haikutaka kuuza mbegu nje. Akageukia Florida, kwenye mimea ya Perrine. Vikonyo elfu moja vikatumwa kupitia Hamburg; vilipofika huko vilivyo hai vilikuwa 200 hivi, na vilivyofika pwani ya Pangani na kushika ardhi mwaka 1893 vilikuwa 62. Vilipandwa Kikogwe. Ile hadithi ya kwamba vilitoroshwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa inapendeza kusimulia, lakini havikuhitaji mamba. Kikonyo kimeumbwa kuanguka na kungoja, na kati ya elfu waliobanwa sandukuni miezi kadhaa, 62 walingoja vya kutosha. Kufikia 1898 mimea ilikuwa imezidi elfu sitini.

Shambani

Kwa mbegu, vikonyo vikubwa ni bora kuliko maotea, na sababu ni usawa. Maotea huwa ya umri tofauti, kwa hiyo shamba hukomaa vipande vipande, na mengine huja na wadudu kutoka kwa mama. Vikonyo vya siku moja hukua pamoja. Vipange kitaluni kwa sentimita 50 kati ya mistari na 25 kati ya mche na mche. Hekta moja ya kitalu itabeba 80,000. Miezi 12 hadi 18 baadaye huwa na kimo cha kutosha kuhamishwa. Kabla ya kupanda, kata mizizi ya zamani yote karibu na shina na ondoa majani makavu ya chini. Usiogope, mizizi ile haifai tena, mipya itatoka. Miche inaweza kusubiri kivulini bila kufa, ila isirundikwe ikachemka.

Mpangilio uliozoeleka ni mistari miwili miwili: mita moja kati ya mstari na mwenzake, mita nne za njia, na sentimita 80 kati ya mmea na mmea. Hiyo ni mimea 5,000 kwa hekta, kama 2,000 kwa ekari. Njia ya mita nne si upotevu wa ardhi. Miaka miwili ya mwanzo hukaa maharage au mahindi, baadaye hupita mkataji na mzigo wake bila kuchomwa. Kosa kubwa wakati wa kupanda ni kufukia moyo. Shina likae ardhini kiasi cha kusimama tu. Udongo ukiingia katikati ya mkuki, unyevu hubaki humo, na moyo huoza kabla mizizi haijashika.

Mkato wa kwanza huja mwaka wa pili au wa tatu, kulingana na mvua. Hukatwa majani ya chini yaliyolala, yale yaliyosimama wima huachwa. Bakizeni 25 kwenye mkato wa kwanza na si chini ya 20 kwenye inayofuata. Hapa ndipo tamaa inapoharibu: majani yaliyobaki ndiyo yanayolisha yajayo, na anayekata mpaka yabaki kumi atapata nyuzi fupi kwa mikato miwili mbele. Kata karibu na shina, acha kisiki cha sentimita mbili au tatu, panga liwe kali. Jeraha lililochanika huingiza kuvu Aspergillus niger, anayeozesha kigogo kutoka ndani hadi mmea unaanguka wenyewe. Majani yaliyokatwa yafike korona ndani ya siku mbili, la sivyo utomvu hukauka juu ya singa na hazisafiki.

Sasa turudi kwenye chokaa. Tani moja ya singa huondoka na takriban kilo 30 za naitrojeni, kilo 60 hadi 70 za potasiamu, na kalsiamu inayoweza kufika kilo 70. Fanya hivyo mizunguko miwili au mitatu bila kurudisha kitu, na udongo mwekundu uliokuwa mzuri unakuwa mchachu. Kipimo cha uchachu (pH) kikishuka chini ya 5, yaani uchachu ukizidi, alumini huyeyuka na kudumaza mizizi, na hapo mkulima husema mbegu imechoka. Mbegu haichoki, ni nakala ileile. Pima udongo, kazi ambayo kituo cha utafiti cha Mlingano, Muheza, kimeifanya kwa miaka mingi, kisha weka chokaa kwa kiasi kinachoelekezwa. Makapi ya korona yarudi shambani yakishaoza, maana kalsiamu yenu imo humo. Ukosefu wa potasiamu una alama yake: jani hulegea na kuwa na mkanda uliokauka shingoni, karibu na shina, huku ncha bado kijani.

Kuna aina nyingine mtakayoikuta kwenye mashamba mengi ya leo. Amani, kwenye milima ya Usambara, ilipatikana agave ya rangi ya samawati ambayo ilielezwa kisayansi mwaka 1933 kwa jina la Agave amaniensis. Watafiti waliizalisha na Agave angustifolia, yenye majani mengi lakini membamba na yenye miba, kisha chotara lile wakalirudisha tena kwa amaniensis. Kati ya maelfu ya miche, namba 11648 ilishinda. Hutoa majani zaidi ya 600 kabla ya mlingoti, karibu mara tatu ya mkonge wa kawaida, na leo hulimwa mpaka kusini mwa Uchina. Bei ya neema hiyo ni ugonjwa wa pundamilia, unaoletwa na Phytophthora nicotianae: madoa ya mviringo yenye mistari ya zambarau na kijani, hasa mvua zinaporusha matope kwenye majani. Mkonge wa kawaida haupati shida hiyo. Kwa hiyo sehemu yenye unyevu wa muda mrefu, 11648 si chaguo, hata kama jirani wa mteremkoni anaisifu.

Mwisho ni fukusi wa mkonge, Scyphophorus acupunctatus, mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu aliyefuata agave kutoka kwao Meksiko. Mkubwa hutoboa sehemu laini za chini ya majani, na funza wake weupe wasio na miguu hula ndani ya shina. Miche iliyohamishwa karibuni ndiyo hufa zaidi: inanyauka moyo, ukiivuta inakatikia mkononi. Mara nyingi chanzo kiko palepale, kwenye vigogo vya mzunguko uliopita vilivyoachwa vioze polepole pembeni ya mistari mipya, maana fukusi huzaliana humo. Ving'oeni baada ya vikonyo kumalizika kuanguka, vikateni vipande vipande, viacheni juani vikauke kabisa, na msipande miche mipya mpaka ukibonyeza kipande chochote kwa kisu kisitoe maji.